Mawe ya Kishapu hayangoji mlima

Mvua ya mawe ikishapiga huku kwetu Kishapu, Shinyanga, maelezo huwa mengi kuliko mawe yenyewe. Yapo ya kijiweni, yapo ya darasani, na siku hizi yapo ya kwenye simu, na ramani za rangi zilizochorwa kwa ajili ya Ulaya.

Nianze na dai la waliosoma: kwamba mawe huletwa na hewa baridi inayotoka mbali na kugongana na hewa joto. Habari hiyo ni ya kweli, ila ni ya Ulaya. Wanasayansi wa Bergen, Norway, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliupa mpaka wa hewa hizo mbili jina la mstari wa mapigano, pale majeshi mawili yanapokabiliana. Lakini ili wapigane, lazima hewa hizo ziwe zimepishana sana kwa joto. Hapa kwetu, hewa ya Bahari ya Hindi na ile inayotoka Kongo zinapishana zaidi kwa unyevu. Zikikutana husukumana juu, na wingu hukua hapo hapo.

"Mbona ule upepo wa baridi tunausikia wenyewe?" Mnausikia, nami nausikia. Saa tisa alasiri, mwezi wa tatu, jua linachoma. Ghafla vumbi linainuka, mabati yanagongana, kuku wanakimbilia chini ya ghala, na baridi inakupita shingoni kama umefunguliwa friji. Dakika chache baadaye, mawe. Nani asingedhani upepo ndio ulioyaleta? Kumbe umetoka tumboni mwa wingu lenyewe. Mvua na mawe yakishuka, mengine yakayeyuka na matone mengine yakakauka njiani, hewa hupoa. Hewa baridi ni nzito, basi huporomoka, ikigonga ardhi hutawanyika na kuitangulia mvua. Upepo ule ni mtoto wa wingu, tumemgeuza kuwa mzazi. Ni kweli kwamba mtoto huyu naye anaweza kwenda vijiji kadhaa mbele, akainua hewa joto na kuzaa wingu jingine, na upepo wa Ziwa Victoria nao hufanya kazi kama hiyo ukikutana na upepo wa mashariki. Mtu akitaka kuiita hiyo mipaka midogo ya hewa, sitagombana naye. Ila haikutoka Ulaya.

Dai la pili ni kwamba mawe ni ya milimani. Wanaolisema hutaja Kericho, Kenya, na wana haki: mashamba ya chai ya kule yamehesabiwa kupata mvua ya mawe siku 132 kwa mwaka kwa wastani, ukiyachukua mashamba yote pamoja. Mlima unasaidia kwa njia mbili. Unaipandisha hewa ya ziwa, na unaisogeza ardhi karibu na barafu. Katika anga letu maji huanza kuganda kwenye mita 4,500 hadi 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kericho iko kwenye mita 2,000 na kidogo, Kishapu kama 1,200. Jiwe la kwetu lina karibu kilomita nzima zaidi ya kupita kwenye joto, kwa hiyo dogo hufika limekuwa tone kubwa la baridi. Kubwa hufika likiwa jiwe, likakuta pamba ina vitumba.

Na Mwakata kuna mlima gani? Usiku wa Machi 3, 2015, katika kijiji hicho cha Kahama, mkoa huu huu wa Shinyanga, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliua watu zaidi ya 40. Nyumba za udongo zilishindwa kuhimili, zikaangukia watu waliokuwa ndani.

Wapo wanaouliza barafu inatoka wapi kwenye joto hili. Inatoka kwenye joto hilo hilo, maana ndilo linalopandisha hewa kwa nguvu hadi kwenye baridi ya juu, na ndilo linalolishikilia jiwe huko likizidi kunenepa. Likate katikati kabla halijayeyuka: mara nyingi utaona tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Na jua, mzazi wa joto hilo, hupita utosini mwa Kishapu mwanzoni mwa Oktoba na tena karibu na katikati ya Machi. Hesabu mwenyewe tarehe ya Mwakata.

Na wanaosema mawe huletwa na baruti za mgodi wa almasi wa Mwadui? Kericho hakuna mgodi wa almasi.

La mwisho silichekei: kwamba mvua hiyo "imetumwa" na mchawi. Katika mkoa ambao vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, neno hilo linaweza kuua mtu ambaye mawe yalimkosa. Anayelisema aulizwe mbele ya watu, wingu lilipanda saa ngapi na nani alilisukuma.

Basi mwezi wa tatu, vumbi likiinuka na baridi ikikupita shingoni, jua una dakika chache. Watoto na wazee wahamie kwa jirani mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, na asiwepo wa kujikinga chini ya mti.