Batman Angeshukia Pangani, Angekuwa Upande Gani?

Kuna hoja inayonichosha kila tukizungumzia riwaya na filamu: eti shujaa asiye na nguvu za ajabu lazima awe bilionea. Batman bila mali ya ukoo wa Wayne, tunaambiwa, ni jamaa tu aliyevaa kinyago, anamalizwa usiku wa kwanza. Na waandishi wetu chipukizi wameimeza: shujaa wa Dar anapewa kwanza jumba Masaki, ndipo apewe akili.

Hebu tuipime hoja hii huku kwetu Pangani. Sisi wa Mwera hatuna haja ya kwenda Gotham. Abushiri bin Salim hakuwa fukara, alikuwa na shamba la miwa. Lakini Septemba 1888 si miwa iliyowazingira maofisa wa kampuni ya Wajerumani pale mjini. Ni watu: wa mjini, wa mashambani, na wa bara waliofika na bunduki zao. Hasira walikuwa nayo tayari, Abushiri akaiongoza.

Bilionea wa kisa hiki yuko upande wa pili. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilimpitishia Hermann Wissmann mark milioni 2. Akakodi askari wa Kisudani kutoka Misri, akabeba mizinga, akashuka pwani "kurudisha amani". Fedha nyingi, zana za kisasa, mtu ambaye mwenyeji hawezi kumhoji, kaja kuwanyoosha wahalifu aliowachagua mwenyewe. Jamani, huyo si ndiye Batman?

Na fedha ilishinda, sibishi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ila tazama alivyopatikana: mizinga ilimfukuza pwani, haikumkamata. Alikabidhiwa na watu wa huku huku.

Willy Gamba wa Musiba naye ana fedha, ndiyo, lakini ni za serikali. Afadhali Karama wa Shaaban Robert, mwana wa Tanga. Ndani ya Kusadikika (1951) hana senti wala upanga. Anasimama mbele ya mfalme na ulimi wake, siku baada ya siku, mpaka anaachiwa huru na waliofungwa kabla yake wanafunguliwa. Utasema hiyo ni hadithi tu. Na Batman je, ni taarifa ya habari?

Kwa hiyo ndugu mwandishi, jumba la Masaki baki nalo. Niandikie nani anampikia shujaa wako, nani anamficha, na yupi kati yao atamtaja akiahidiwa fedha.