Unataka jitu la samaki hapa Voi? Fuga kambare

Wasee, najua mnazipenda zile video za tanki kubwa la vioo, samaki anameza mwenzake mzimamzima. Poa. Sasa piga hesabu ya Voi. Tanki la sentimita 200 kwa 70 kwa 70 linabeba lita 980, karibu tani moja ya maji (usiniwekee hiyo juu ya meza ya TV). Kila wiki unabadilisha robo, kama mitungi 12 ya lita 20, kwenye mji ambao mfereji unakauka na bomba la Mzima linapita hapa hapa likienda Mombasa. Hayo maji ya zamani mwagia sukuma, usimwage barabarani jirani akiwa kwenye foleni na mtungi mtupu.

Halafu stima inapotea, pampu inazima, samaki wako wa bei wanakosa hewa. Kambare hana hiyo shida, anapanda juu anapumua hewa kama wewe. Anaweza kupita mita moja, na usiku anawinda kweli. Eti ni samaki wa matope! Wacheni dharau.

Ukiagiza wa kigeni akakushinda, usimtupe Ziwa Jipe. Kule kuna ngege wa bonde la Pangani, hapatikani kwingine duniani. Sangara alipelekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na furu wengi wakatoweka. Kambare akikuzidi, si unamkaanga tu.