Sikio Lisilosoma Noti

Wako wanaotuambia: «Muziki mpya wa Ulaya hauna wimbo, sisi tusiosoma noti tutausikilizaje?» Tarehe 15 Januari 1941, katika kambi ya mateka wa vita huko Görlitz, Ujerumani, Mfaransa Olivier Messiaen na wenzake watatu waliwapigia mateka utungo wake mpya, nao wasikilizaji hawakuwa wote wanamuziki. Sehemu ya tatu ni ya zumari iitwayo klarineti, peke yake. Msingoje kiitikio. Fuateni sauti moja: yaanza chini mno, hata hamjui imeanza lini, yakua, yakua, hata karibu iumize sikio, kisha yalia kama ndege. (Mama hahitaji noti kutambua kilio cha mwanawe.) Ikiwachosha, acheni; kesho rudieni sehemu hiyo hiyo.