Legeza Nyuzi, Wimbo Uje

Mpenzi msomaji, kama una gitaa nyumbani na kila wimbo unaotunga unafanana na ule wa juzi, usikimbilie kuliuza. Kijana mmoja wa Minjila alikuwa karibu kufanya hivyo. Nilimkuta pale tunapongojea magari ya Hola na Lamu, gitaa limeegemea gunia la maembe na bei yake ishatajwa.

"Dada, nyimbo zimeniishia," akaniambia.

Nikamwomba apige. Kodi tatu zilezile (si ya nyumba, ni zile za gitaa): C, F, G. Nikamuuliza mamake alimbembeleza kwa wimbo gani. Akacheka, halafu akauimba kwa Kipokomo. Naam, msomaji, ni katika wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo ndimo ilimotolewa sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, mwaka wa 1963! Lakini alipojaribu kuufuata wa mamake kwa gitaa, vidole vilirudi palepale kwenye C. Vidole ni kama punda wa maji, njia wanayoijua ni moja.

Dawa ni kuvipoteza njia. Kwa kawaida gitaa hufungwa E, A, D, G, B, E, kuanzia uzi mnene. Shusha uzi wa sita hadi D, wa tatu hadi F, wa pili hadi A na wa kwanza hadi D. Zile nyuzi mbili zilizobaki usiziguse. Sasa zipige zote bila kushika popote. Utasikia sauti ya majonzi, ile walimu wa muziki huiita D maina. Nyuzi nene zitavuma zenyewe chini, nawe utabaki na vidole vyote vya kuutafuta wimbo huku juu.

Si mambo mageni haya. Wapiga gitaa wa Katanga, nyumbani kwa marehemu Jean-Bosco Mwenda, walijua kupandisha uzi wa sita kutoka E hadi F. Huko Hawaii nako kuna mtindo mzima ambao jina lake lina maana ya kulegeza. Ila ukianza, shusha tu. Mimi niliwahi kupandisha bila kipimo, uzi ukakatika ukanichapa shavu, siku ya harusi ya watu! Tena andika ulivyofunga, la sivyo kesho hutaukumbuka.

Kijana alikosea, akakosea tena. Mara mama wa maembe akaacha kuhesabu chenji.

"Hapo siyo, mwanangu. Hapo panashuka."

Akashuka. Mama akaitikia kwa sauti ya chini.

Gari langu lilipofika, mnunuzi naye alikuwa amekuja, pesa mkononi. Kijana, bila kuinua macho, alimwomba arudi kesho.