Kadi mbili, mfuko mmoja

Kijana wa kidato cha tatu huko Bangwe alimfuata mama yake anayeuza dagaa. "Mama, kompyuta yangu ina kadi ya picha ya GB 2, GT 1030. Nikipachika na GTX 1060 ya GB 6, nitakuwa na 8. Gemu zitakimbia!"

Mama hakukataa, ila pesa hakutoa. "Twende kwa fundi kwanza, baba."

Fundi akawaeleza: kadi hizo zinaweza kukaa pamoja, lakini memori zake hazijumlishwi. Ni kama mitumbwi miwili, kila mmoja na wavu wake. Gemu itatumia kadi moja tu. Ya pili itaendesha skrini nyingine. Tena GTX 1060 hula wati 120, na NVIDIA hushauri pawasaplai ya wati 400. Ya kijana ilikuwa ya 250.

Kijana akanyamaza, kisha akasema: "Basi mama, tuanze na pawasaplai. Kadi kubwa nitaisubiri, na ikija hii ndogo tutaiuza."

Mzazi, mtoto akiomba kifaa usichokijua, usikimbilie kukataa wala kulipa. Nendeni kwa fundi, mkaulize pamoja: kitafanya kazi gani, na kitahitaji umeme kiasi gani?