Serikali za Mitaa 28, Bonde Moja: Kazi ya Kuwarejesha Salmoni Jimboni Washington

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Machi 1999, Serikali ya Shirikisho ya Marekani iliwaingiza samaki aina ya salmoni wa Puget Sound, wale wanaoitwa Chinook, katika orodha ya viumbe wanaolindwa na Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya mwaka 1973. Puget Sound ni ghuba ndefu yenye matawi mengi katika Jimbo la Washington, pwani ya Pasifiki, na kandokando yake ndipo ulipo mji wa Seattle, pamoja na bandari, viwanda na makazi ya mamilioni ya watu. Kuanzia siku hiyo, kila halmashauri iliyokuwa ikitoa kibali cha ujenzi, kujenga barabara au kuchota maji mtoni ililazimika kujiuliza iwapo kazi yake inamdhuru samaki huyo.

Zaidi ya miaka 25 imepita, na Chinook bado wamo katika orodha hiyo. Hata hivyo, namna serikali za mitaa za eneo hilo zilivyojipanga kukabiliana na tatizo hilo ni jambo linalostahili kuchambuliwa, kwa mafanikio yake na kwa mipaka yake, hasa kwa nchi ambazo mito yake hupita katika wilaya nyingi.

Chanzo cha ugumu wa suala hili ni maisha ya samaki mwenyewe. Salmoni huanguliwa katika maji baridi ya mtoni, huteremka hadi baharini akiwa mchanga, hukaa huko miaka kadhaa akikua, kisha hurejea katika mto uleule alikozaliwa, hutaga mayai na kufa. Katika safari hiyo anahitaji changarawe safi ya kutagia, maji yasiyopata joto kupita kiasi, vijito vya pembeni vya kujificha wakati wa mafuriko, na mlango wa mto wenye majani na kina kifupi anapojizoesha maji ya chumvi. Mahitaji hayo hayapatikani katika himaya ya mamlaka moja. Chinook wa Mto Cedar hupita katika mji wa Renton, huingia Ziwa Washington linalopakana na Seattle, Bellevue na miji mingine, kisha hufuata mfereji wa meli hadi baharini. Halmashauri moja ikitimiza wajibu wake na jirani yake asitimize, samaki hufia kwa jirani.

Ndivyo pia uharibifu ulivyotokea, kidogo kidogo na kwa sababu zilizoonekana njema. Mwaka 1901, Seattle ilijenga banio la maji ya kunywa huko Landsburg, na salmoni wakazuiwa kufika sehemu ya juu ya Mto Cedar kwa takriban karne nzima. Mwaka 1916, uchimbaji wa mfereji wa meli ulishusha kina cha Ziwa Washington kwa karibu meta 3. Mto Cedar ukageuzwa kumwaga maji yake ziwani, na Mto Black uliokuwa ukitoa maji ya ziwa hilo ukakauka. Malango ya maji ya kupitishia meli yalifunguliwa mwaka 1917, na tangu hapo samaki wa bonde hilo hawana njia nyingine ya kwenda baharini wala kurudi. Katika bonde jirani la Mto Green, matuta yalijengwa kuzuia mafuriko, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bwawa la Howard Hanson likakamilika bila njia salama ya kuwateremshia samaki wachanga.

Jibu la kitaasisi lilianza mwaka 1998, pale Bunge la Jimbo la Washington lilipopitisha sheria ya kupanga urejeshaji wa salmoni. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba mipango iandaliwe kwa kufuata bonde la mto badala ya mipaka ya utawala, na iongozwe na watu wa bonde husika. Jimbo hilo lilikwisha kugawanywa katika maeneo 62 ya rasilimali za maji. Katika eneo la nane, linalojumuisha Ziwa Washington, Mto Cedar na Mto Sammamish, serikali za mitaa 28, zikiwamo Kaunti ya King, Kaunti ya Snohomish na jiji la Seattle, zinashirikiana kwa mkataba wa maandishi. Katika eneo la tisa, la Mto Green na Duwamish, serikali za mitaa 17 zimefanya vivyo hivyo.

Kiini cha mkataba huo ni kanuni ya kuchangia gharama. Mchango wa kila halmashauri hukokotolewa kwa vigezo vitatu: idadi ya watu wake waishio ndani ya bonde, thamani ya mali zinazotozwa kodi, na ukubwa wa ardhi yake iliyomo katika bonde hilo. Kwa kanuni hiyo, mji tajiri wenye eneo dogo hauwezi kujitoa kwa hoja kwamba mto hauugusi sana, na kaunti yenye ardhi kubwa haibebeshwi mzigo wote. Michango hiyo hulipia sekretarieti ndogo inayohudumiwa na Kaunti ya King. Maamuzi hufanywa na baraza la viongozi wa kuchaguliwa, wakishirikiana na wataalamu, wananchi na taasisi za jimbo na za shirikisho.

Kazi kubwa ya baraza ni kuandaa orodha moja ya miradi, iliyopangwa kwa uzito wa kisayansi. Mipango ya mabonde haya mawili ilikamilika mwaka 2005, ikawa sehemu ya mpango wa Puget Sound ulioidhinishwa na Serikali ya Shirikisho mwaka 2007, na imehuishwa tangu hapo. Fedha za miradi yenyewe hutoka kwenye bodi ya jimbo ya ufadhili wa urejeshaji wa salmoni, na kwa mamlaka ya kudhibiti mafuriko ya Kaunti ya King, ambayo hutoza kodi ya majengo na ardhi. Kwa kuwa orodha ni moja, halmashauri hazigombani mbele ya wafadhili.

Matunda yapo. Mwaka 2003, njia ya kupandia samaki ilifunguliwa huko Landsburg, na takriban kilomita 27 za mto zikapatikana tena kwa Chinook, bila wakazi wa Seattle kukosa maji yao. Kando ya Mto Cedar na Mto Green, baadhi ya matuta yamesogezwa nyuma ili mto upate nafasi ya kutanuka. Hatua hiyo humpa samaki mchanga mahali pa kujificha na wakati huohuo hupunguza nguvu ya mafuriko kwa wakazi wa chini. Mradi unaotumikia malengo mawili hupata watetezi wengi zaidi katika vikao vya bajeti.

Aidha, ushirikiano huu hautokani na hiari peke yake. Mikataba ya mwaka 1854 na 1855 iliyahakikishia mataifa ya wenyeji asilia haki ya kuvua katika maeneo yao ya jadi. Mwaka 1974, Jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Mwaka 2018, uamuzi uliobaki imara baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kugawanyika kura 4 kwa 4 ulilibana jimbo kubadilisha makalavati ya barabara zake yanayoziba njia ya salmoni, na muda uliowekwa unafikia mwaka 2030. Amri hiyo inahusu makalavati ya jimbo. Lakini kalavati la jimbo likifunguliwa, na la kaunti lililo chini yake likaendelea kuziba, fedha ya umma imetumika bila samaki hata mmoja kupita.

Pamoja na hayo yote, kwa nini Chinook hawajarejea kwa wingi? Jibu la kwanza ni kwamba mkataba unaunganisha mipango, lakini mamlaka juu ya ardhi yanabaki kwa kila halmashauri. Idadi ya watu wa eneo hilo imeongezeka kwa kasi, na kila paa na kila lami mpya huongeza maji machafu yanayokimbilia mtoni. Mita mia za ukingo zinazorejeshwa kwa gharama kubwa mahali pamoja zinaweza kufidiwa na hasara ya vibali vidogo vidogo vilivyotolewa mahali pengine, kila kimoja kikiwa halali.

Jibu la pili ni kwamba baadhi ya maadui wa samaki wako nje ya uwezo wa madiwani. Desemba 2020, watafiti walibainisha kwamba kemikali inayowekwa kwenye matairi ili yasipasuke hugeuka sumu, na mvua inapoisukuma mtoni huwaua salmoni aina ya coho kabla ya kutaga. Bwawa la Howard Hanson nalo liko chini ya Jeshi la Wahandisi la Marekani. Wakati huohuo, nyangumi aina ya orka wa eneo hilo, ambao chakula chao kikuu ni Chinook, wamebaki chini ya 80.

Kwa Tanzania, mfano huu una maana ya karibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua usimamizi kwa mabonde, na nchi ina mabonde tisa yenye bodi zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Lakini sheria ndogo, mipango ya matumizi ya ardhi na bajeti za kila siku zimo mikononi mwa halmashauri. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka katika milima ya Uluguru, Morogoro, na anayelinda mteremko huko juu si yeye anayefungua bomba huku chini.

Somo la Puget Sound, basi, ni kwamba bodi ya bonde huhitaji halmashauri zilizofungwa na makubaliano ya maandishi, yenye kanuni ya wazi ya nani anachangia kiasi gani, na orodha moja ya kazi ambayo kila diwani anaijua. Somo la pili, ambalo wenzetu wamelilipia gharama kubwa, ni kwamba makubaliano hayo yasipoingia ndani ya ofisi ya vibali vya ujenzi, urejeshaji utaendelea kukimbizana na uharibifu. Mto uliokwisha kuzibwa kwa karne moja haufunguki kwa bajeti ya mwaka mmoja. Vyanzo ambavyo bado ni vizima vinalindwa kwa gharama ndogo zaidi, na uamuzi huo unaweza kufanywa katika kikao kijacho cha baraza la madiwani.