Fungate si kuponi: msilipie chakula ambacho hamtakila



Leo nina neno, na najua litawaudhi baadhi ya watu, hasa wale wanaouza safari za fungate kwenye magrupu ya WhatsApp. Bibi harusi mtarajiwa, na wewe mama unayepanga kuwapeleka watoto likizo Unguja: msilipie pakeji ya chakula cha siku zote kabla hamjakaa chini na kalamu. Kwa wengi wetu haifai. Inamfaa mgeni aliyeshuka ndege kutoka Italia, asiyemjua mtu kisiwani. Sisi wa Tanga, Pemba na Mombasa tuna mashangazi kule.

Mimi ni fundi cherehani, nina duka hapa Chumbageni. Bibi harusi akija kupima gauni husimama mbele ya kioo nusu saa nzima, na ndani ya nusu saa hiyo nasikia yote: mahari, kamati, ukumbi, na siku hizi fungate. Swali limekuwa lilelile. "Dada, hoteli wametupa bei tatu, tuchukue ipi?" Na kabla sijajibu, mpambe wake keshadakia: "Chukueni ya kila kitu, shoga, mpumzishe akili."

Tuanze na herufi, maana wengi hulipa bila kuzielewa. Ukiona BB, ni chumba na chai ya asubuhi. HB, wenyewe wanaita hafu bodi, ni chai na mlo mmoja, mara nyingi cha usiku. FB, fulu bodi, ni milo yote mitatu, lakini vinywaji kwa kawaida mnalipa wenyewe. AI ndiyo hiyo "kila kitu": milo, vinywaji, na bangili ya plastiki mkononi ili wahudumu wakujue. Mwambao wa mashariki wa Unguja, Kiwengwa hasa, hoteli za namna hiyo ni nyingi, na zilijengwa kwa ajili ya wageni wanaotoka Ulaya kwa makundi.

Sasa mnisikilize kama mfanyabiashara. Mimi pia nauza kwa pakeji: gauni, shela, mtandio wa mama, nguo za wapambe. Naipenda sana pakeji. Mteja keshalipa, akija kuchukua vitatu badala ya vinne, mimi sipungukiwi. Hoteli ni vivyo hivyo. Mpishi wao anajua kwa uzoefu kwamba si kila aliyelipia chakula cha mchana atashuka kula. Wala si wizi, ni biashara halali kabisa. Ila ukiijua, hutasema tena kwamba pakeji ni zawadi.

Chukueni kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, tofauti kati ya BB na FB ni shilingi 160,000 kwa siku kwa watu wawili, na mnakaa siku nne. Hiyo ni 640,000, kwa milo minane, yaani 80,000 kila mlo wa watu wawili. Haya, twende siku moja moja. Siku ya kwanza mmeshuka botini Malindi, mpaka mizigo ipatikane na gari lifike mwambao, chakula cha mchana kimekwisha pita. Siku ya pili mnataka kwenda mjini, mkaone Ngome Kongwe, mkavuke kwenda kisiwa cha Changuu kuona makobe. Mchana mtakula huko huko, labda Lukmaan pale Mkunazini, na jioni nani atakayerudi hotelini akaache mishikaki, urojo na pweza wa Forodhani? Milo mitatu imekwenda. Siku ya tatu mmebaki hotelini, mmekula yote. Siku ya nne shangazi wa bwana harusi, anayekaa Mwanakwerekwe, kasikia mpo kisiwani. Kwenda Unguja, tena maharusi, usile kwa shangazi ni kujitafutia maneno ya miaka kumi. Amechinja kuku, amepika pilau, mnakula na mnafungiwa na vya kubeba.

Milo minane mliyolipia, mmekula minne. Gawanyeni tena 640,000. Kila mlo umewagharimu 160,000. Kwa fedha hiyo mgekula samaki wa nazi kwa mama lishe Jambiani mpaka mchoke.

Na kama siku mojawapo ni Ijumaa? Bwana kaenda msikitini, karudi saa nane, bufee wanakusanya masufuria. Na kama ni mwambao wa mashariki, bahari ya kule hukupwa mpaka maji yanakuwa mbali sana, kwa hiyo saa ya kuogelea huchagui wewe. Maji yakijaa saa saba mchana, mtoto gani atakubali kutoka majini akale wali?

Hilo ni la fedha, na fedha hurudi inshallah. Lililo zito zaidi ni la vinywaji. Bei ya "kila kitu" imepigwa kwa hesabu ya mtu anayekunywa pombe kutwa. Bia, mvinyo, na vile vya kuchanganya vyenye kipande cha nanasi juu, vyote vimo ndani ya ile bei. Wewe utakunywa maji, soda mbili na juisi ya ukwaju, lakini umelipa sawasawa na jirani yako wa meza ya pili. Mimi si ustadhati, wala sitoi fatwa hapa. Ulizeni masheikh wenu. Lakini mtu aliyekuwa makini kiasi cha kuuliza kama jeli ya maandazi ya harusi ina mafuta ya nguruwe, inakuwaje hajiulizi fedha ya mumewe inakwenda wapi kwenye pakeji hii? Ziko hoteli ambazo ukiwaomba watakutolea bei bila pombe. Omba kwa maandishi. Wakikataa, BB ipo.

Hata suala la kulipia chakula kisichojulikana kiasi chake wanazuoni wamelizungumza. Mwaka 2014 Sheikh Saleh al-Fawzan wa Saudi Arabia alizungumzia bufee ya kula upendavyo, kwamba kinachonunuliwa kinatakiwa kijulikane, na mitandao ikawaka moto. Wapo wanazuoni walioruhusu, na wengine huifananisha na hamamu, ambapo watu tangu zamani walilipa kiingilio bila kupima maji watakayoyaoga. Napokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Ila hakuna aliyeruhusu israfu, na Suratul A'raf aya ya 31 sote tunaijua. Mtu aliyelipa kabla hupakua kwa hasira. Sahani ya kwanza ya njaa, ya pili ya "nimelipia", na ya tatu inabaki mezani. Nimeziona sahani hizo. Huwa naona haya kumtazama mhudumu, kijana wa kijiji hicho hicho, anapozikusanya.

Tena nyie mnaovaa nikabu, hili hawatawaambia. Chakula cha pakeji kwa kawaida huliwa ukumbini. Kando ya bwawa, watu na nguo zao za kuogelea, baa imefunguliwa tangu saa nne asubuhi. Wewe ni bibi harusi wa juzi, hina haijafifia, unainua nikabu kijiko kwa kijiko ukiwa umeipa mgongo dunia nzima. Kuletewa chumbani ni malipo mengine. Kwa hiyo mmelipia chakula, halafu mnalipia tena ili mkile kwa stara. Ikiwa mtachukua pakeji yoyote, hilo ndilo swali la kwanza: mtatuletea chumbani bila nyongeza?

Na saumu mmeifikiria? Harusi nyingi za kwetu hufungwa baada ya Idi. Bibi harusi ana sita za Shawwal anazitamani, au ana kadha ya siku zake za Ramadhani iliyopita, na bwana karidhia afunge. Kule hotelini kuna chakula cha mchana chenye jina lake. Kitamsubiri mpaka Magharibi? Hakimsubiri.

Fungate yenyewe, tukumbushane, ilikuwa siku saba za kulipiwa chakula. Maharusi walikaa ndani, na masinia yakawa yanakuja kutoka upande wa bibi harusi, kuku wa kupaka, mikate ya kumimina, vitumbua, na somo akiwapo kuangalia bibi amekula au ameona haya. Kwa hiyo sipingi wazo la mtu kuwa na chakula chake tayari. Nalipenda. Tofauti ni kwamba sinia lile lilitoka kwa watu wanaojua kwamba binti yao hali dagaa, na hakuna aliyemkatia risiti. Leo bwana harusi anakopa ili achukue pakeji ambayo picha zake zitakaa kwenye status saa 24, na marejesho yatakaa mwaka. Mume anayerudi kazini na deni la bufee ana uso gani wa kumchekea mkewe? Wazazi, na hasa mama wakwe, hapo mna la kusema, semeni.

Mtihani huu si wetu peke yetu. Dada zetu walioko Marekani hukutana nao wanapowapeleka watoto Walt Disney World, kule Orlando. Huko nako kuna mpango wa kulipia milo kabla. Uliondolewa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Unapewa idadi ya milo kulingana na siku unazolala, na ambayo hujaitumia mpaka usiku wa manane siku ya kuondoka inapotea. Mtoto akifika miaka 10 analipiwa kama mtu mzima, hata kama anakula vibanzi viwili. Na tangu 2018 kinywaji cha mlo kwa mwenye miaka 21 na zaidi kinaweza kuwa pombe, kwa hiyo bei ni ileile kwako unayekunywa maji. Cha kuchekesha, kule kuna hoteli yenye jengo liitwalo Jambo House na mgahawa uitwao Sanaa. Kiswahili kimefika, lakini nyama ya halali unaulizia kila meza unayokaa. Nikiwa mama wa watoto watatu kule, ningetaka uhuru wa kuchagua mgahawa kila siku, si kufukuzana na milo niliyokwisha lipia. Hata hapa nyumbani, wanaowapeleka watoto Kunduchi Wet 'n' Wild siku za Idi wanajua: mtoto akiwa kwenye maji hakumbuki chakula, na akitoka anataka chipsi tu.

Lakini nisiwe mkaidi. Ziko safari ambazo bila kulipia chakula utalala njaa. Kisiwa cha Chumbe kina vibanda saba tu vya wageni na hakuna duka, unakula kwao au unakula mawe ya matumbawe. Hapa kwetu, ukienda Ushongo, Pangani, hoteli ziko mbali na mji, na Maziwe ni fungu la mchanga lisilo na hata mti wa kukaa kivulini. Ramadhani nayo, mama anayenyonyesha au aliye kwenye siku zake, akiwa safarini kisiwani, mchana hatapata mgahawa kwa urahisi nje ya hoteli, na si vizuri kulakula barabarani, kwa hiyo fulu bodi itamsitiri. Na kama una vijana watatu wa kiume wa miaka kumi na tano hivi, mimi sina la kusema, hao waingize kwenye bufee na umhurumie mpishi.

Kwa waliobaki, andikeni ujumbe kwa hoteli leo: bei ya BB ni kiasi gani na ya HB ni kiasi gani kwa tarehe zilezile; mtoto analipiwa mtu mzima kuanzia umri gani; nyama imechinjwa na nani, na nguruwe hupikwa jiko hilo hilo; mlo tusioula unaweza kuhamishiwa siku nyingine, au tukafungiwa futari; chumbani mnaleta. Majibu yaje kwa maandishi, si kwa simu. Mkishindwa kuamua, chukueni BB. Hafu bodi mnaweza kuongeza mkishafika na kukionja chakula chao, lakini mliyokwisha lipa hayarudi.

Na kama mmeshalipa, basi msigombane. Mpigieni shangazi mapema, mwambieni siku gani mtakuja, na hotelini waombeni mlo wa siku hiyo wawafungie mkachukue. Wengine hukubali.